Arosto Ina Saa Zake

Teja hatembei polepole. Ukimwona kijana amekondeana, begani ana kiroba cha skrepa, anakatiza vichochoro vya Magomeni mbiombio bila kumsalimia mtu, jua hajala unga, yaani heroini. Akishakula utamkuta kituoni amesimama, magoti yamekunjika nusu, kidevu kifuani, anasinzia bila kuanguka, na wanafunzi wanaosubiri daladala wanamcheka. Hao wawili ni mtu mmoja, wametenganishwa na masaa machache tu. Nimeishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo, mdogo wangu wa kunifuata, na nikiulizwa unga ni nini sisemi starehe wala sisemi shetani. Nasema ni ratiba.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Kete ya kwanza, yaani kipakiti kidogo cha unga, alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, kama jana yake alipata akili ya kubakiza. Mara nyingi hakubakiza. Ya pili mchana, ya tatu jioni, na siku ikiwa nzuri, ya nne ya kulalia. Kati ya kete na kete kazi ni moja, kutafuta hela ya kete inayofuata: kupiga debe, kubeba mizigo sokoni, kuokota chupa na chuma chakavu, na ikishindikana kabisa, sufuria la mama. Watu wanadhani anayeiba sufuria anafuata stimu. "Stimu niliisahau zamani, dada," aliniambia siku moja, kwa ile sauti yake ya kawaida ambayo tulikuwa tunaisikia kwa nadra. "Sasa hivi nakula ili niamke kama wewe ulivyoamka."

Heroini haikai mwilini. Masaa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho inaanza miayo, mfululizo, na si ya usingizi. Macho yanatoa machozi, pua inatiririka, mboni zinatanuka. Kisha jasho na baridi vinakuja pamoja, vinyweleo vinasimama, mifupa ya miguu na kiuno inauma, tumbo linasokota, anaharisha, anatapika, na usiku kucha miguu inarusha mateke yenyewe. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Kuanzia siku ya tano hadi ya saba ukali unashuka, ila usingizi haurudi upesi, na unyonge unaweza kukaa kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo arosto. Ukiwa nje unaiona kama malaria kali. Mwenyewe anasema malaria ni afadhali.

Mambo hayo hayajitokezi ovyo. Afyuni na ndugu zake, heroini na mofini wakiwemo, hupunguza pumzi, hufunga tumbo, hubana mboni, huzima maumivu, na hutuliza ile noradrenalini inayoamsha moyo na kumtia mtu wasiwasi. Mwili haukubali kuburuzwa hivihivi. Ubongo ukiona umeshushiwa kasi, unaongeza nguvu upande wa pili, wiki baada ya wiki, mpaka mambo yanalingana; ndiyo maana kipimo kilichomlaza mwaka juzi leo hakimgusi. Ni mchezo wa kuvuta kamba: timu mbili zimekazana, kamba haisogei, na mtazamaji anadhani hakuna kinachofanyika. Halafu timu moja inaachia ghafla. Tumbo lililokuwa limefungwa linafunguka lote, mboni iliyobanwa inatanuka, maumivu yaliyozimwa yanarudi na riba. Karibu kila kinachotokea kwenye arosto ni kinyume cha kilichotokea kwenye stimu.

Mimi haya sikuanza kuyajua kwa kusoma. Niliyaona kwa mtu ambaye hata sigara hajawahi kuivuta.

Shangazi yetu alikuja kutoka Muheza na saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa anatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, na kulala kwetu. Walimpa mofini ya maji, ile ya chupa, anywe kila baada ya masaa manne, na usiku wakati wa kulala kipimo mara mbili ili asiamshwe na maumivu. Mama aliifungia ile chupa kwenye sanduku lake kwa kufuli, na sababu ya kufuli ilikuwa inajulikana, ilikuwa inalala chumba cha uani. Dawa ilimtuliza shangazi. Alirudi hata kusuka ukili wake, amekaa mkekani, anasimulia watu wa Muheza waliokufa zamani.

Jirani mmoja akaja kumjulia hali. Wagonjwa wetu wanauawa sana na wanaokuja kuwajulia hali. Akamnong'oneza kwamba kile anachokunywa ni unga wa maji, ndio huohuo wa mateja, na kwamba mtu mzima kama yeye, mwenye swala zake tano, asikubali kuonana na Mola wake akiwa amelewa. Shangazi hakubishana na mtu. Mama akimpimia dawa na kutoka chumbani, yeye anaimwaga kwenye kopo la mate.

Siku iliyofuata alianza kutokwa jasho. Tukasema homa. Akaanza kuharisha, akawa anapiga miayo, anatetemeka, miguu haitulii, anaomba afunikwe na papo hapo anaomba afunuliwe. Mama akalia, akaamini saratani imepanda kichwani. Tulikuwa tunatafuta teksi ya kumrudisha hospitali mdogo wangu aliposimama mlangoni. Alimtazama kwa muda, halafu akasema, "Dada, shangazi ana arosto."

Mama alimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliona ni ujanja, kijana anaitaka chupa. Lakini mdogo wangu hakutoka. "Mtazameni mboni," alisema. "Mtazameni mkono, vinyweleo vimesimama na joto lote hili. Huyu hanywi dawa yake." Nikamuuliza shangazi. Akageuza uso ukutani, kisha akatuonyesha kopo.

Mama alimpimia, safari hii akasimama mpaka ikamezwa. Haikufika saa nzima miguu ilikuwa imetulia, na kabla ya adhana ya isha aliomba uji. Alipoushika ule uji alimwita mdogo wangu, akamuuliza kama naye huwa anapata hali ile.

"Mara tatu kwa siku, shangazi," alijibu. "Siku mbaya mara nne."

Walikuwa na kitu kimoja kwenye damu, hilo ndilo ambalo jirani alilijua nusu. Heroini ni mofini iliyofanyiwa kazi kidogo ya kikemia ili ifike kichwani upesi. Ikishaingia mwilini, ndani ya dakika chache inaanza kugeuka kuwa mofini tena. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliitoa sokoni mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, kwa nia njema kabisa. Tofauti kati ya shangazi na mdogo wangu haikuwa kwenye arosto. Ilikuwa kwingine: shangazi hakuwahi kuitafuta dawa nje ya saa zake, hakuiwaza, hakuuza kitu. Mwili wake uliitegemea, yeye hakuwa mraibu. Mdogo wangu alikuwa na vyote viwili. Na mtoto mchanga wa mama anayekula unga anaweza kuzaliwa na arosto kamili, analia kwa sauti kali, anatetemeka, hanyonyi vizuri, na hakuna mtu mwenye akili anayempa mahubiri. Lakini sisi, ndani ya nyumba moja, wenye arosto wawili, mmoja tulimpepea na mwingine tulikuwa tunamfungia mlango usiku.

Asiyeamini nguvu ya hiki kitu asikilize watafiti walichokiandika mwaka 2005 kuhusu watu wanaojidunga Dar es Salaam. Walikuta wanawake, wengi wao wanaouza miili, wana mtindo wa kusaidiana pale mmoja anapokosa hela ya kete na arosto inamnyemelea. Aliyefanikiwa kupata anajidunga, na mara tu baada ya hapo anavuta damu yake mwenyewe, kama mililita nne, anampa mwenzake ajidunge hiyo damu. Iliaminika kwamba kuna unga wa kutosha ndani yake. Dawa inayobaki kwenye kiasi hicho cha damu ni chembe tu isiyoweza kumtosha mtu. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havihitaji kiasi kikubwa. Lakini angalia nia: ilikuwa huruma. Mtu anampa mwenzake damu ili asiteseke usiku ule.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 unga ulikauka pwani ya Kenya. Mombasa na Malindi watu walioizoea ratiba walijikuta hawana cha kununua, wote kwa wakati mmoja, na hospitali zikapokea wagonjwa ambao hazikuwa zimejiandaa kuwatibu. Wengine waliziba pengo kwa pombe na kwa vidonge vya usingizi, wanavyoviita bugizi. Unga wenyewe hutoka Afghanistan, hupakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, na kushuka na bahari hadi huku kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja tu nje ya pwani ya Kenya. Habari kama hiyo ikitangazwa redioni watu wanashangilia, na ni haki yao. Mwenye teja nyumbani anashangilia akiwa amekwenda kufunga mlango wa jikoni.

Dawa ya kienyeji ya arosto ni chumba. Mjomba alimchukua mdogo wangu shambani Mkuranga, akamfunga mnyororo mguuni, akamwekea ndoo na maji na kusema atatoka mtu au itatoka maiti. Alitoka mtu. Kwa unga peke yake wengi hutoka, kwa sababu arosto ya heroini, pamoja na mateso yake yote, ni nadra kumuua mwenye mwili wenye nguvu. Ikimuua, mara nyingi ni kwa kuharisha na kutapika hadi maji yanaisha mwilini, na hilo linazuilika kwa maji ya chumvi na sukari yanayouzwa kila duka la dawa. Ila kuna watu ambao chumba kinawaua kweli. Mlevi wa gongo ambaye mikono inamtetemeka asubuhi mpaka azimue, au mtu aliyekuwa anameza bugizi kila siku kwa miezi, huyo ukimkatia ghafla anaweza kupata degedege, akaona vitu visivyokuwepo, akafa. Yeye anahitaji hospitali na dawa inayopunguzwa kwa hatua. Wajomba wengi hawajui kama pale kwenye mnyororo kuna mchanganyiko wa vitu vitatu.

Halafu kuna jambo ambalo ningetaka liandikwe kwenye mlango wa kila gereza na kila soba, zile nyumba za kuachia unga. Hatari kubwa haiko ndani ya chumba, iko wiki ya kutoka. Mwili ukishakaa bila unga unasahau ule uvumilivu wake wote, upande wa pili wa kamba umelegea. Kichwa hakijasahau. Mtu anatoka, anakutana na maskani ileile, ananunua kipimo kilekile alichokuwa anakula siku anakamatwa, na kipimo kilichokuwa kinamfanya aamke sasa kinamzima pumzi. Mmoja wa maskani ya mdogo wangu alitoka rumande amenenepa, anapendeza, mama yake amempikia pilau. Hakumaliza wiki. Mtaani wakasema amewekewa sumu, maana kila mtu alikuwa anajua kipimo chake.

Mdogo wangu alirudi kutoka Mkuranga na mashavu, na haukupita muda akarudi kulekule. Alianza na nusu kete. Hakuna daktari aliyemfundisha hilo. Alikuwa amebeba jeneza.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni saa nyingine. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya waraibu wa heroini, kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Zanzibar nayo, na Kenya wakaanza Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, kabla ya kushuka pwani. Dawa yenyewe ni ya zamani. Wakemia wa Kijerumani waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930, na katikati ya miaka ya 1960 madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, wakaonyesha kwamba mla heroini akinywa kipimo kimoja cha kutosha kila siku, arosto haiji na maisha yanaweza kuendelea. Methadoni inakaa sehemu zilezile za ubongo zinazokaliwa na heroini. Haina haraka, hayo ndiyo maajabu yake yote. Inapanda taratibu, inashuka taratibu, na kipimo cha asubuhi kinamfikisha mtu asubuhi ya kesho.

Hupewi kipimo kikubwa siku ya kwanza. Dawa inarundikana mwilini siku hadi siku, na anayeongezewa kwa pupa anaweza kufa usingizini wiki mbili za mwanzo. Kwa hiyo mwanzo ni mgumu: ikifika magharibi mdogo wangu anaanza miayo, anaapa kwamba wanampa maji ya sukari, anatamani kurudi maskani, na siku kadhaa alirudi. Kila mtu kwenye foleni ya kliniki alikuwa na malalamiko hayohayo na ushauri wake. Walipofikia kipimo kilichomshika, alilala usiku mzima. Mama aliamka mara mbili kumtazama kama anapumua.

Hapo ndipo maneno yakaanza: amebadilisha ulevi tu, sasa analewa kwa fedha za serikali. Sibishani sana na wanaosema hivyo kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwili wake bado unategemea, akikosa siku mbili atapata arosto, tena ya methadoni ni ndefu kuliko ya unga. Lakini wanaosema hivyo hawakuwahi kuishi ndani ya ratiba ya kete nne. Mtu ambaye mwili wake unamdai mara moja kwa siku, mahali palepale, bila hela, ana mchana mzima wa kufanya kitu kingine. Mdogo wangu aligundua mchana wake hajui aufanyie nini. Alikaa wiki nzima barazani anaangalia watu wanapita, kisha akaomba kazi ya kuosha magari, kwa kuwa alikuwa amechoka kukaa.

Saa hiyo nayo inaweza kuharibiwa, na ilimharibikia. Alikutwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao maskani zimejaa. Akaanza dawa za miezi sita, zile ambazo mojawapo, rifampisini, inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Wiki ya pili akaniambia arosto imerudi. Nikamtazama mboni, somo nililolipata kwake mwenyewe: zimetanuka. Kumbe rifampisini inalichochea ini kuichoma methadoni haraka, kipimo cha masaa ishirini na manne kinaishia jioni. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama nevirapini na efavirenzi, nazo hufanya hivyo. Dawa ni kuongeza kipimo cha methadoni, na kukumbuka kukishusha dawa za kifua kikuu zikiisha. Lakini yahitaji mtu wa kliniki hii aongee na mtu wa kliniki ile, na wagonjwa wangapi wameacha dawa ya kifua kikuu, au wamerudi kwenye unga, kwa sababu hao wawili hawakuongea? Wakisharudi wanaitwa wakaidi. Kwa mdogo wangu waliongea, baada ya mimi kubeba kadi zote mbili na kuziweka juu ya meza moja.

Shangazi alifariki Muheza, saratani iliposhinda dawa zote. Alikuwa amerudi kwake na chupa yake, na hadi mwisho alikunywa kwa saa zake bila kumwaga tena. Habari zilitufikia usiku, maziko kesho yake baada ya alasiri. Mdogo wangu hakuwa na ruhusa ya kuchukua dawa nyumbani, wanaopewa ni waliokaa muda mrefu bila kuteleza, na yeye alikuwa ameteleza. Kwa hiyo alipiga hesabu. Kliniki inafungua asubuhi, akanywa akiwa wa kwanza dirishani, tukapanda basi, tukafika Muheza adhuhuri imepita. Aliingia kaburini pamoja na wanaume wengine kumpokea shangazi yake. Mjomba wa Mkuranga alikuwepo, walipeana mikono.

Tulilala msibani, na alfajiri tukaondoka. Foleni ya Kibaha ilikuwa haisogei. Alianza miayo, ya kwanza nikadhani ni ya kukosa usingizi. Ya tatu nikamtazama macho. Abiria walikuwa wanagombana na dereva kuhusu kiyoyozi, yeye anaangalia saa ya basi pale mbele, kwa sababu dirisha linafungwa mchana na aliyechelewa ni mpaka kesho. Pale Mbezi hakusubiri mizigo ishushwe, aliruka na bodaboda. Alifika wakiwa wanafunga vitabu. Muuguzi akamgombeza, akampimia, akanywa, akaambiwa ataje jina lake, maana lazima uongee mbele yao ili waone kwamba umemeza. Alinipigia simu kutoka kwenye ngazi za kliniki kuniambia bodaboda imemtoza elfu kumi, na kwamba hiyo nadaiwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyechagua lile basi.